Namba Mia Nne na Kumi na Mbili

Ofisi ya Kutafutana,
Chuno, Mtwara.
24 Julai 2006

Kaka Yohana,

Salamu nyingi. Huku sote wazima isipokuwa seva yako, na hiyo ndiyo iliyonikalisha niandike. Ningekupigia, lakini simu yangu iliingia maji, na ya mezani hapa ofisini imekufa tangu masika. Barua pepe nayo inapita kwenye laini hiyohiyo iliyokufa. Kwa hiyo barua hii anakuja nayo Idrisa, konda wa basi, na majibu umpe yeye akirudi.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna mzee anaitwa Ismaili, fundi wa vitanda kule Mikindani. Tangu mwezi wa sita anakuja kila Alhamisi, siku tuliyowawekea watafutaji. Anamtafuta mdogo wake, Nampunga. Walipotezana mwaka 1966, wakati wa vita ya Mreno, familia yao ilipokimbia kutoka Kionga kuja upande huu wa Ruvuma. Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo wake saba. Mitumbwi ilikuwa miwili, na ni mmoja tu uliofika. Kila Alhamisi naandika Nampunga kwenye lile sanduku lako la kutafutia, na kila Alhamisi linajibu hayumo. Naye hasemi zaidi ya, "Basi, binti yangu, wiki ijayo." Akisubiri zamu hakai bure. Viti vyote vya barazani ameshavikaza miguu.

Alhamisi iliyopita, tarehe 20, niliandika Nampunga na akatokea. Nampunga Saidi, wa Kionga. Nikamgeuzia mzee kioo, akausoma mstari mwenyewe kwa kidole. Nikabofya ili ukurasa wa maelezo ufunguke tujue mtu anaishi wapi, umeme ukakatika. Uliporudi tulikuwa tumeshafunga. Ijumaa asubuhi nikaandika tena Nampunga. Hayumo.

Najua utaniuliza kuhusu fomu ya karatasi. Imekwenda na moto wa Ijumaa kama zote, maana agizo la mkuu wetu, Mama Felista, ni kwamba tukishaziingiza tunazichoma, watu wa ng'ambo wasiogope siri zao. Mimi ndiye niliyeiingiza asubuhi ileile, nami sikumbuki chochote. Fomu ishirini na tisa kwa mkupuo, Kaka, mkono unaandika na kichwa kiko kwingine.

Nimeizima na kuiwasha mara tatu. Nieleze la kufanya kabla mzee hajarudi.

Dada yako,
Sabra


Mabibo, Dar es Salaam
29 Julai 2006

Dada Sabra,

Barua nimeipata. Pole kwa simu. Idrisa amenikuta mlangoni mwa kazini, na bosi wangu sasa anadhani naagiza samaki.

Usiogope, jambo hili lina sababu zake za kawaida na tutazipitia moja baada ya nyingine, kama fundi wa redio anavyofuata waya. Kwanza, umeme. Seva ikizimika ghafla wakati inaandika, jedwali la majina linaweza kuumia, na safu zilizoandikwa mwisho ndizo huumia kwanza. Kwenye karatasi ya kijani nimekuandikia maneno ya kulipima na kulitengeneza. Yaandike kwenye seva yenyewe, ile ya stoo, herufi kwa herufi, nukta usiiruke.

Pili, diski za akiba. Kila Jumamosi unachoma diski moja, sivyo? Fungua ya tarehe 15 na ya tarehe 22 umtafute huyo mtu humo.

Tatu, usikasirike. Kompyuta za mbele zina tabia ya kuonyesha ukurasa wa zamani badala ya kuuomba upya. Inawezekana mliuona mstari wa mtu mwingine aliyetafutwa kabla. Bonyeza kile kitufe cha kuuita ukurasa upya kila unapotafuta.

Na mzee mwambie awe na subira. Usimwahidi kitu kwanza.

Kaka yako,
Yohana


Chuno, Mtwara
3 Agosti 2006

Kaka Yohana,

Nimefanya yote, na nukta zako zote nimeziweka. Jedwali linajibu kwamba ni zima, halina jeraha. Kwenye diski ya tarehe 15 hayumo, na hapo nakubali, maana fomu yake ilikuwa haijafika ofisini. Kwenye ya tarehe 22 nako hayumo. Kwa hiyo aliingia Alhamisi tarehe 20 na kabla ya Jumamosi tarehe 22 alikuwa ameshatoka, bila kuaga.

Hilo la ukurasa wa zamani silikubali. Jina Nampunga halijatafutwa hapa na mtu mwingine yeyote, na nilipokuwa nalitafuta mimi lilikuwa halileti mstari. Ukurasa wa zamani ungetoka wapi?

Kisha nikakumbuka ulivyonifundisha kwamba kila mtu akiingizwa seva inampa namba yake, na namba haigawiwi mara mbili. Nikapiga chapa orodha nzima nikaifuata kwa rula. Fomu za asubuhi ile zinaanzia 390 mpaka 418. Ipo 411, ipo 413. Ya 412 haipo. Mtu alikuwepo, Kaka. Ameacha nafasi yake kama jino lililong'oka.

Nakuuliza kwa wema. Ulipokuja mwezi wa nne ukashinda stoo siku mbili, kuna kitu ulibadilisha?

Hapa ofisini si mimi peke yangu niliyekosa raha. Bwana Hassani, yule mvushaji wa Kilambo anayetuletea bunda la fomu kila Jumatatu, wiki hii kaniuliza mara mbili kama bunda la tarehe 17 liliingia lote. Nikamjibu liliingia. Akasema, "Mashine yako inakula karatasi kuliko mchwa, binti, na mchwa angalau anaacha udongo." Akakaa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, akakitikisa, akauliza ni nani aliyekikaza mguu. Ni mtu mwema sana, anatubebea bunda lile bure karibu mwaka mzima sasa. Nilipokuwa mgeni kazini naye aliwahi kuniuliza jina la mtu, nikatafuta, halikuwemo. Hajauliza tena.

Nasubiri jibu la swali langu.

Sabra


Mabibo, Dar es Salaam
7 Agosti 2006

Dada Sabra,

Hongera kwa kazi ya rula. Lakini namba kuruka peke yake si ushahidi. Mtu akianza kuingiza fomu kisha isikubali kuhifadhiwa, namba inatumika na mtu haingii. Inatokea kila mahali.

Mwezi wa nne sikubadilisha kitu cha maana. Nilifuta vumbi, nikapanga mafaili.

Sasa niseme na upande wa pili, maana fundi hukagua na mikono ya mtumiaji. Kitufe cha kufuta kiko jirani na cha kufungua maelezo. Ulikuwa na haraka, mzee amekuinamia, umeme unayumba. Je, huna wasiwasi kwamba ulibonyeza kile cha jirani? Si lawama, hata mimi imewahi kunitokea. Na huyo mzee, ana hakika na jina? Mtu wa miaka hamsini na saba anaweza kushika jina lisilo lenyewe, hasa jina aliloliacha ujanani.

Ningekushauri umwambie ukweli kwamba mfumo hauna mtu huyo. Ni bora aumie mara moja.

Yohana


Chuno, Mtwara
10 Agosti 2006

Ndugu Yohana,

Leo nakuita Ndugu. Hilo la Kaka litarudi likipenda.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe programu hii hujawahi kuilalia hata siku moja. Kitufe cha kufuta sisi wa mbele hatunacho. Ulikitoa mwenyewe mwaka jana Happiness, karani aliyenitangulia, alipofuta ukoo mzima kwa bahati mbaya, ukaiandikia ofisi na barua ya kujisifu. Umesahau.

Nimerudi kwenye orodha na rula yangu, safari hii tangu namba moja. Mapengo si moja. Ni kumi na moja, na yote yameanza baada ya mwezi wa nne. Pengo moja nimelitambua, kwa sababu wale mapacha wa Mahurunga niliwaingiza mwenyewe mwezi Juni, Kulwa na Doto, nikacheka kwamba nimeandika kitu kilekile mara mbili. Kulwa yumo. Doto hayumo.

Sasa nikwambie la mzee, kwa sababu nimekuficha. Uliniambia nisimwahidi kitu, nami nilikuwa nimeshaahidi. Siku ileile kioo kilipozimika nilimshika mkono nikamwambia, "Mzee, yupo, yu hai, kesho nakupa anapoishi." Na tangu hapo kila Alhamisi namwambia mashine inaumwa. Leo amekuja akaniuliza, kwa adabu yake, kama mashine imepata nafuu. Kisha akanieleza kwamba amekipaka chokaa chumba cha nyuma na amemtengenezea mdogo wake kitanda cha mninga. Niliingia stoo nikalia mbele ya seva yako, na feni yake ikawa inazunguka tu.

Unasema labda amekosea jina. Nilidhani unajua, ndiyo maana sikukueleza. Huku kwetu mvulana akienda jandoni anaacha jina lake la utotoni hukohuko porini, anarudi na jina jingine. Lile la kwanza haliitwi tena. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la utoto mbele ya watu umemvunjia heshima, wapo waliopigana kwa hilo. Nampunga ni jina la mtoto, alizaliwa mpunga ukivunwa bondeni. Alipoingia jandoni kaka yake alikuwa ng'ambo ya mto, hakujua alitoka anaitwa nani. Arobaini ni miaka mingi ya kumtafuta mtu ambaye hata jina lake hulijui.

Kwa hiyo fikiri. Mtu wa miaka arobaini na saba, labda mwenye wajukuu, amechukua fomu ya ofisi akaandika juu yake jina la mtoto. Hakuwa anatuandikia sisi. Alikuwa anamwandikia mtu mmoja tu, ambaye angelisoma akajua. Na huyo mmoja alilisoma, nusu dakika, umeme ukakatika.

Nakuuliza kwa mara ya pili, na safari hii si kwa wema. Ulifanya nini mwezi wa nne?

Sabra Mkopoka


Mabibo, Dar es Salaam
13 Agosti 2006

Dada Sabra,

Nimeisoma barua yako baada ya ibada, nimekaa kwenye ngazi za kanisa, na sikwenda nyumbani kula.

Mficha uchi hazai. Nilidanganya. Mwezi wa nne Mama Felista alinilalamikia kwamba orodha imejaa marudio, mtu mmoja kajaza fomu tatu, na wafadhili wakija wataona tunahesabu watu hewa. Siku ya pili, saa mbili kabla ya basi langu, nikaandika programu ndogo nikaiita Usafi. Inaamka yenyewe kila Ijumaa alfajiri, inapitia watu wote, na ikikuta wawili wanaofanana inambakisha wa zamani na kumfuta mpya. Sikuijaribu, na sikuwaambia. Uliponiuliza mara ya kwanza niliikumbuka palepale, nikaona aibu, nikaandika vumbi.

Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo. Wanaofanana ni akina nani? Majina sikuyaamini, kwa sababu Hassani mmoja anaandikwa kwa namna nne. Kwa hiyo jina nililiacha nje. Usafi unatazama baba, mama, kijiji cha kuzaliwa na mwaka. Vikilingana vinne, basi kwake ni mtu mmoja. Kwetu Njombe mapacha ni wengi, nami nikawasahau. Hilo la jando sikulijua kabisa. Fomu yangu ina sanduku moja la jina, kwa sababu mimi nina moja.

Sasa sikiliza, maana kuna siku. Usafi ukifuta huandika daftari lake: nani kafutwa, na kwa ajili ya nani. Daftari hilo lina kurasa nne tu. Ukija ukurasa wa tano, wa kwanza unatupwa. Ulifanya kazi tarehe 21 Julai, 28, 4 Agosti na 11. Ijumaa hii tarehe 18 utaamka tena, na ukurasa wa tarehe 21 utapotea moja kwa moja. Nimepiga simu ofisini kwenu mara sita leo, inalia kama iko chini ya maji. Idrisa anaondoka kesho alfajiri, nimemwapisha.

Fanya hivi. Nenda stoo, kaa kwenye seva yenyewe. Ingia kwa jina langu, neno la siri liko ndani ya bahasha ndogo. Kwenye karatasi ya kijani mstari wa kwanza ni wa kuuzuia Usafi usiamke tena, uandike kabla ya kitu kingine chochote. Mstari wa pili unafungua daftari la tarehe 21. Usirekebishe kitu humo. Lipige chapa.

Daftari halitakurudishia maelezo yote ya namba 412, litakwambia tu ilifanana na nani. Nasikitika. Inaweza kuwa ndugu mwingine kama wale mapacha, na hapo tutakuwa hatuna kitu.

Kosa ni langu, si la umeme, si lako. Ukitaka kumwambia Mama Felista, mwambie. Ukitaka kumwambia mzee, mpe na jina langu.

Yohana


Chuno, Mtwara
16 Agosti 2006

Kaka Yohana,

Kaka limerudi. Sijakusamehe yote, lakini limerudi.

Basi liliharibika Somanga likalala huko, barua nimeipata leo Jumatano saa nne. Usafi wako nimeuzuia, umelala, na mimi ndiye ninayeujua mlango wake sasa. Daftari nimelipiga chapa, kurasa zote nne, nakufungia humu pamoja na nakala za diski zangu za Jumamosi. Mstari wenyewe huu, nimeunakili ulivyo:

"21/07/2006. Namba 412 ni marudio ya namba 77. Baba sawa. Mama sawa. Kijiji sawa. Mwaka sawa. 412 imefutwa. 77 imebaki."

Nilikumbuka onyo lako la mapacha. Lakini mzee alishanisimulia zamani kwamba mama yao, Bi Somoe, alijaliwa watoto wawili tu wa kiume, yeye na Nampunga, na kati yao miaka kumi. Baba yuleyule, Somoe yuleyule, Kionga, 1959. Hakuna wa pili wa kufanana naye. Kaka, programu yako ilikosea kufuta, lakini haikukosea mtu. Sisi sote tulikuwa tunatafuta jina. Yenyewe, kwa upumbavu ulioiwekea, ndiyo peke yake iliyojua kwamba mtoto Nampunga na mtu mzima wa namba 77 ni mmoja.

Nikaifungua 77. Iliingizwa na Happiness mwaka jana mwezi wa kumi na moja, mimi nilikuwa sijaajiriwa. Nakunakilia na hii.

"Hassani Saidi. Baba Saidi Likwena. Mama Somoe. Kionga, 1959. Anaishi: Kilambo, kivukoni. Kazi: mvushaji."

Niliusoma mara tatu. Ni Bwana Hassani wetu. Wa Jumatatu. Anayebeba bunda. Ametubebea fomu za watu karibu mwaka mzima bure, nami nikamsifu kwa wema, kumbe alikuwa anakuja kutazama kama yake imejibiwa. Ile ya pili aliichomeka mwenyewe katikati ya bunda la tarehe 17 bila kunong'ona, kwa sababu ina jina la utoto juu yake, na angewezaje kunikabidhi mimi, binti mdogo, mkononi. Akaniuliza mara mbili kama zimeingia zote. Mimi nikamjibu kama karani.

Na nimelikumbuka lile jina aliloniuliza wiki yangu ya kwanza. Alisema, "Nitazamie Ismaili Saidi." Nikatazama, nikamwambia hayumo. Kweli hakuwemo, Kaka. Wanaojaza fomu ili watafutwe tunawaandika, wanaokuja kutafuta hatuwaandiki. Ndivyo fomu yako ilivyo na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini. Alicheka, akasema, "Basi, binti." Ungeisikia sauti. Ni ileile ya mzee wa Mikindani, neno lilelile, na mimi nimeisikia Jumatatu na Alhamisi miezi miwili nisiitambue.

Wamekalia kiti kimoja. Mmoja alikikaza mguu, mwingine akauliza nani kakikaza.

Nimemtuma dereva wa pikapu ya chumvi aende Kilambo amwambie Bwana Hassani aje kesho badala ya Jumatatu, kuna jambo la fomu. Sikumwambia zaidi, naogopa. Mimi nilishawahi kusema yupo kabla ya wakati. Kesho ni Alhamisi na mzee atakuja kama kawaida yake saa tatu.

Sabra


Mabibo, Dar es Salaam
23 Agosti 2006

Dada Sabra,

Leo ni Jumatano ya wiki nyingine na sijapata neno. Idrisa anasema ofisi aliikuta imefungwa na hakuna aliyempa kitu. Sijui ninyamaze kwa adabu au nipande basi.

Pamoja na barua hii nimempa Idrisa diski. Nimekaa nayo usiku mbili. Kati ya watu kumi na mmoja, sita watarudi kutoka kwenye diski zako za Jumamosi, na Doto ni mmoja wao. Watatu, akiwamo namba 412, nimewaunda upya kwa ule mstari wa daftari ulioninakilia na kurasa nyingine tatu ulizofunga pamoja nao. Ukiitumbukiza tu, Nampunga Saidi atarudi kwenye namba yake. Wawili hawapo popote. Walifutwa mwezi wa tano, daftari lao lilishatupwa, na sijui hata majina yao. Hao nitakaa nao mimi.

Nimemwandikia Mama Felista, nimemweleza kila kitu. Tafadhali niambie tu kama Bwana Hassani alikuja.

Yohana


Mikindani
27 Agosti 2006

Kwa mwanangu Yohana,

Assalamu aleikum. Hunijui. Mimi ni Ismaili Saidi, fundi vitanda. Binti Sabra alitaka akuandikie yeye, nikamwambia hapana, hii yangu. Mkono wangu umezoea randa kuliko kalamu, kwa hiyo vumilia.

Ofisi ulisikia imefungwa kwa sababu Sabra na yule mama, mkuu wake wa kazi, walikuwa kwangu. Tulifanya hitima ndogo ya wazazi wetu, maana tulikuwa hatujawahi kuwasomea tukiwa wawili. Samahani kwa kukuweka roho juu.

Alhamisi ile nilifika saa tatu. Nilimkuta mtu kwenye kile kiti cha mlangoni. Nikatoa salamu, akaitikia, akainuka anipishe kwa kuwa mimi ni mkubwa. Nikamwambia kaa tu, kiti hicho hakianguki, nimekikaza mimi. Akanitazama. Nikadhani ananidharau ufundi. Sabra akatoka ndani ameshika makaratasi, akatuita mezani kwake. Akatugeuzia kioo. Nikasoma polepole Hassani Saidi, nikasoma jina la baba, na nilipofika kwenye la mama sikuendelea kusoma.

Nikamwita lile jina lake la zamani. Sijui nililisema kwa nguvu kiasi gani, lakini watafutaji wote wa barazani waligeuka. Yeye akaniambia, "Kaka, usiniite hivyo mbele za watu." Ndipo tukalia wote wawili kama watoto waliofiwa, na kweli tulikuwa hao.

Nimemuuliza kwa nini hakumwambia binti siku zote zile. Amesema mara ya kwanza aliambiwa hayumo, na aliogopa kuambiwa hivyo mara ya pili. Nimemwelewa, maana mimi nimeambiwa mara saba.

Sasa kuhusu hiyo diski. Sabra ameniambia una uwezo wa kumrudisha yule wa namba 412. Hassani anakuomba usimrudishe. Anasema alilitoa jina lile nje mara moja kwa shida, lilipofika lilipotakiwa likafutika, na hiyo ndiyo heshima yake. Aliona ajabu kwamba mashine ilijua hilo kuliko watu. Wale wengine nane warudishe, na hao wawili uliowapoteza usiache kuwaulizia. Usijitese, lakini usiache. Mimi nilikosa mkono wa mtoto gizani tulipokuwa tunapanda mitumbwi, kwa kitambo kidogo tu, nimeishi nao miaka arobaini. Najua unachokibeba. Kinapungua uzito ukikiambia watu, na wewe umeshaanza.

Sabra anataka uweke sanduku la pili kwenye fomu, la jina la utotoni, ambalo halionekani na kila mtu, mtafutaji tu. Na anataka wanaotafuta nao waandikwe. Mimi sijui mambo hayo, lakini naona amesema vizuri, mfanyie.

Nimalizie. Kitanda cha mdogo wangu nilikitengeneza kwa mninga wa Newala, ubao mzito, sikukipima kwa kipimo cha mtu, mkono wenyewe ulikata. Hassani alipolala siku ya kwanza miguu yote ilitokeza nje mpaka kwenye magoti. Nilisimama mlangoni nikaiangalia ile miguu mikubwa, nikaelewa kwamba miaka yote ile nilikuwa namtafuta mtoto. Amekataa nikibadilishe, analala amejikunja, anasema kinamtosha. Nimeshapasua mbao za kingine.

Wasalaam,
Ismaili Saidi Likwena